Meneja Anavuta

"Meneja anavuta sana, daktari. Akishaanza kuvuta hasikii la mtu, na siku hizi akimaliza anakohoa mpaka macho yanataka kumtoka."

Kiraka aliyasema hayo simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, mikono yake yote miwili ikisukuma shuka chini ya sindano ya cherehani. Upande wa pili wa chumba Mama Pasi, aliyekuwa akinyoosha magauni ya wauguzi, aliisimamisha pasi yake wima na kutega sikio. Hospitali ile ilikuwa na meneja mmoja tu, mtu wa tai na miwani, na hakuna aliyewahi kumwona na sigara mkononi.

"Kumbe na yeye yumo," alisema Mama Pasi simu ilipokatwa. "Na anavyotuhubiria habari za afya. Mwambie aache sigara, bibi. Mapafu hayana spea."

"Ni mbwa," alijibu Kiraka. "Meneja ni mbwa wa baba yangu. Anavuta kamba."

Mama Pasi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa gauni la muuguzi, ikambidi alinyooshe upya. Kiraka alitabasamu kwa adabu tu. Angecheka naye, lakini kucheka nako kunataka nguvu, na nguvu zake za siku ile zilikwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Jina la Kiraka alipewa pale pale kazini. Kwa miaka kumi na tatu alikuwa amekaa nyuma ya chumba cha dobi, akiziba mashuka yaliyotoboka, akirudishia kamba kwenye magauni ya wagonjwa na kupindua kola za makoti ya madaktari ili upande uliochakaa uende ndani. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa tisa. Ukidhani saa tisa ndiyo alikuwa amemaliza, hujawahi kuwa binti wa mzee anayeishi peke yake. Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akafagia, akapika, akafua, akamtembeza mbwa, kisha ndipo akaelekea kwake, ambako watoto wawili na mume walimngoja wakiwa na maswali ya soksi na madaftari. Akilala alikuwa anaota anashona.

Baba yake aliitwa Mzee Breki. Kwa miaka thelathini na mmoja alitengeneza breki za malori kwenye gereji moja, na mpaka leo madereva waliokwisha kustaafu humpigia honi wakimwona barabarani. Tangu mkewe afariki alibaki na nyumba ya vyumba viwili, redio, na mbwa wa rangi ya kahawia ambaye alijileta mwenyewe siku moja ya mvua, akajilaza mlangoni na hakuondoka tena. Mzee alimwita Meneja kwa sababu tangu aingie pale hakufanya kazi hata moja, ila kukagua za wenzake.

Miezi mitatu nyuma Mzee Breki alianguka kwenye mfereji ulio mbele ya duka la dawa. Alichunika magoti na kidevu, akarudi nyumbani shati lina damu. Watoto wake walipomuuliza imekuwaje, alijibu kwa maneno mawili: "Meneja alinivuta."

Maneno hayo mawili yalizaa mengi. Kaka yake Kiraka alikuwa mwalimu mkuu, na alikuwa akizungumza na familia yake kama anayezungumza na wanafunzi mstarini. Alikuja, akasimama katikati ya sebule mikono nyuma, akatangaza. Mbwa akiendelea kumvuta Mzee mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Mzee atahamia kwake, ghorofa ya tatu, na mbwa atafutiwa mtu, kwa maana lile jengo haliruhusu wanyama. Mzee Breki alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaongeza sauti ya redio.

Kwa hiyo siku daktari wa mifugo alipofika na pikipiki yake, kikohozi cha mbwa kilikuwa jambo moja tu kati ya mawili. Daktari huyo maisha yake yote yalikuwa ng'ombe. Alimshika Meneja shingo kwa kiganja kinene, akambinya koo kidogo, na Meneja akakohoa kwa sauti kavu iliyokwaruza.

"Huu mkanda wa shingoni ndio mchawi wenu," alisema. "Kila akivuta anajinyonga mwenyewe. Akiendelea hivi mtamzika. Mvalisheni wa kifuani, uzito uende kwenye mabega."

"Na huo wa kifuani," aliuliza Mzee Breki kutoka kitini, "akiwa nao anaweza kuvuta?"

"Anaweza kuvuta hata mkokoteni. Ndiyo tabu yake hiyo. Shingoni kunamuuma, kwa hiyo anajizuia kidogo. Kifuani hakumuumi, anakwenda na nguvu zake zote."

Kiraka alishika kichwa. Hivi ndivyo mambo yake yalivyokuwa siku zote. Ukimponya mbwa unamwangusha mzee, ukimlinda mzee unamnyonga mbwa. Daktari alimwonea huruma, akachora kwa kidole kwenye vumbi la kibaraza.

"Inategemea pete ya kufungia kamba unaiweka wapi. Ukiiweka mgongoni, anavuta kama ng'ombe wa jembe. Ukiiweka mbele, hapa kwenye kidari, akijaribu kuvuta kamba inamgeuza mwenyewe. Anajikuta anakutazama wewe. Baada ya siku mbili tatu anaona haina maana, anaacha."

"Mgongoni itakaa vizuri zaidi," alisema Mzee Breki.

"Baba, ulianguka," alisema Kiraka.

"Nasema tu. Mimi ni mtu wa gereji. Kitu ukikifunga mbele kinapinda."

"Itakaa mbele," alisema Kiraka, na hakuwa na nguvu za kubishana zaidi. Mzee Breki alimtazama mbwa, mbwa naye akamtazama.

Duka la vifaa vya mifugo lilikuwa na mikanda ya shingoni ya kila aina imening'inizwa kwenye misumari, mipana kwa myembamba, lakini wa kifuani ulikuwa mmoja tu, na ungemtosha paka. Kiraka hakuhangaika. Stoo ya hospitali ilikuwa na machela zilizokwisha kuandikiwa kutupwa, na mtunza stoo alimruhusu akate mikanda yake. Ilikuwa mikanda imara ya buluu, iliyokwisha kubeba watu wa kila uzito. Aliishona wakati wa mapumziko ya chakula, mshono juu ya mshono, kila maungio akiyapiga mraba na msalaba ndani yake, na pete akaiweka mbele, katikati kabisa ya kidari. Mama Pasi alisema hata meneja mwingine, yule wa tai, hakuwa na nguo iliyoshonwa vizuri namna ile.

Mkanda ukafanya kazi. Siku ya kwanza Kiraka alipomtoa Meneja, mbwa alijitupa mbele kwa mazoea, kamba ikamzungusha, akajikuta anamtazama Kiraka usoni kwa mshangao mkubwa. Alijaribu tena akageuzwa tena. Siku ya nne alikuwa anatembea kando ya mguu wake kwa heshima zote, na kikohozi kilikuwa kimepungua. Kiraka alimpigia kaka yake simu. "Havuti tena," alimwambia.

"Vizuri," alisema kaka. "Nitakuja Jumamosi kuthibitisha." Watu wengine hata kwa habari njema wanataka ukaguzi.

Mzee Breki kila asubuhi alikuwa na desturi ya kwenda mwenyewe na mbwa mpaka kwa muuza magazeti, kuzunguka mtaa wote na kurudi. Wiki ile Kiraka alipofika alasiri na kumuuliza kama ametoka, alijibu, "Nishatoka." Gazeti halikuwepo mezani. Viatu vilikuwa safi chini ya kiti. Kiraka aliyaona yote mawili, kwa sababu macho ya mshonaji hayapiti juu ya kitu, lakini kuona ni kazi moja na kuuliza ni kazi nyingine. Alichukua ufagio akaanza na jikoni.

Jumatano umeme ulikatika hospitali. Cherehani zikanyamaza, pasi zikapoa, na ilipofika saa sita msimamizi akawaambia waende. Kiraka alikata kona ya mtaa wa baba yake jua likiwa utosini, na pale kwenye kona akasimama.

Mzee Breki alikuwa langoni kwake. Alikuwa amevaa kofia na viatu vyake vya kutokea, fimbo mkono mmoja, kamba ya mbwa mkono wa pili. Uso wake ulielekea barabarani. Miguu yake haikuelekea popote. Visigino vilikuwa vinatetemeka kidogo kidogo ndani ya viatu, kama mtu anayetaka kunyanyua kitu kilichogandishwa kwa gundi, na vidole havikuondoka ardhini hata unene wa sarafu.

"Vuta," alisema. "Vuta, Meneja. Vuta, baba."

Meneja alijitupa mbele. Kamba ikamzungusha. Akajikuta anamtazama mzee, masikio chini, haelewi amekosa nini. "Vuta," alisema tena Mzee Breki, na mbwa akajaribu tena, akageuzwa tena, na mara ya tatu akaketi.

Mwanamke mmoja alipita na ndoo, akamsalimia. Mzee alimwitikia kwa uchangamfu, akainua fimbo kuelekea ukuta kana kwamba alikuwa anakagua nyufa. Mwanamume wa baiskeli alipopita, Mzee alitazama saa yake. "Namngoja binti yangu," alimwambia bila kuulizwa. Binti yake alikuwa hatua arobaini kutoka pale, mkoba umebanwa kifuani, na hakuweza kusogea.

Mama jirani aliyekuwa anaanua nguo alimwona Kiraka, akamjia polepole na kapu lake. "Siku hizi anasimama pale sana," alimwambia kwa sauti ya chini. "Leo tangu saa nne. Jana nilimuuliza kama nimshike mkono, akaniambia anaota jua."

Kiraka alisubiri mpaka uso wake ukatulia, kisha akatembea kwenda langoni akigonga visigino ili asikiwe.

"Umewahi leo," alisema Mzee Breki.

"Umeme umekatika. Nipe mkono, Baba, jua kali."

Alimvuta kidogo tu kwa kiwiko, mvuto wa mtoto anayetaka kuonyeshwa kitu dukani, na miguu ya mzee ikang'oka, ikatembea. Ilitembea vizuri kabisa mpaka kwenye kizingiti cha mlango. Pale ikaganda tena. Akamvuta tena, ikapita.

Alipokwisha kumkalisha na kumpa maji, alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Tangu lini?"

Mzee Breki alizungusha glasi mezani. Alikuwa mtu aliyezoea kuulizwa kasoro za magari, siyo zake. "Kichwa kinasema twende," alisema mwishowe. "Miguu inasema subiri. Nikishaanza kwenda nakwenda. Shida ni kuanza. Na penye mlango, na penye mfereji, na watu wakinitazama."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu kabla ya ule mfereji."

"Kwa hiyo siku ile Meneja hakukuvuta."

"Alinivuta," alisema Mzee Breki. "Miguu iliganda, mwili ukaenda, nikaanguka. Ndipo yeye akanivuta, nikainuka. Sikuwadanganya. Niliwaambia nusu ya mwisho."

Halafu, kwa kuwa jipu limekwisha kutumbuka, akamwambia yote. Kwamba alimfundisha mbwa neno "vuta" mwenyewe, kwa vipande vya mkate, wiki baada ya wiki. Kwamba kamba ikikazika mkononi, kitu fulani ndani ya miguu kinaachia. Kwamba alijua mbwa anaumia koo, na alikuwa anasikia kila kikohozi, na aliendelea kumwambia avute. Aliposema hayo ya kikohozi, alimtazama mbwa, hakumtazama binti.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi nashinda hospitalini, Baba."

"Ningekwambia, ungemwambia kaka yako. Angenipeleka ghorofa ya tatu. Kule kuna ngazi sitini na mbili, nimezihesabu. Ningekaa dirishani mpaka siku ya kubebwa."

Kiraka alisimama akapika.

Kesho yake, Alhamisi, umeme ulirudi na mashuka ya siku mbili yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Kiraka alishona, na alipokuwa anashona akawaza. Tusimsingizie ubaya, wala tusimpambe. Alichowaza ni hiki: angeweza kuacha pete pale ilipo.

Hakuhitaji kufanya lolote. Mkanda ulikuwa umeshonwa vizuri, daktari ndiye aliyeushauri, mbwa amepona, kaka ameridhika. Mzee angeendelea kusimama langoni siku mbili tatu, kisha angechoka kusimama, angekaa ndani. Akikaa ndani mwezi mmoja yeye mwenyewe angesema basi, nipelekeni. Hakuna ambaye angesema Kiraka amefanya kosa. Na yeye saa tisa angetoka hospitali akaenda kwake. Angefika jua bado lipo. Angelala nusu saa kitandani mwake, juu ya shuka lisilo na kiraka, kabla hata watoto hawajarudi. Alipofika kwenye hiyo nusu saa, machozi yalimjaa, siyo kwa huzuni, kwa tamaa. Aliitamani ile nusu saa mpaka mate yakamjaa mdomoni.

"Umejichoma?" aliuliza Mama Pasi.

"Sijajichoma."

"Basi una mgonjwa nyumbani."

"Nina baba," alisema Kiraka, na Mama Pasi, aliyekuwa amemzika wake baada ya kumuuguza miaka sita, aliongeza maji kwenye pasi.

Jioni ile alipofika, Mzee Breki alikuwa kitini na kofia yake kichwani. Hakuwa ametoka, wala hakudai kwamba ametoka. Alikuwa amemvua Meneja ule mkanda wa buluu na kuukunja vizuri juu ya meza, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Uchukue," alisema. "Utampa atakayemchukua mbwa. Umeshonwa vizuri, usitupwe."

Kiraka aliuchukua. Usiku ule alilala bila kuota kushona.

Ijumaa wakati wa mapumziko alikaa kwenye cherehani, akachukua kisu kidogo cha kufumulia na kukata ule msalaba wake kidarini, uzi mmoja baada ya mwingine. Uligoma, kwa sababu alikuwa ameushona usifumuke. Vidole vilimuuma. Aliitoa pete, akaihamishia mgongoni, kati ya mabega, akaizungushia kipande cha pili cha mkanda, akapiga mraba, akapiga msalaba. Kisha akavuta kwa nguvu zake zote, mguu ameukaza kwenye meza. Pete haikutikisika.

"Si ulisema ikikaa mgongoni atavuta?" aliuliza Mama Pasi.

"Atavuta," alisema Kiraka.

Jumamosi kaka alikuja saa tatu kamili. Alikuwa na gari, na kwenye buti la gari kulikuwa na maboksi yaliyokunjwa, kwa hiyo ukaguzi wake ulikuwa umekwisha kutoa majibu njiani. Kiraka alimkuta langoni kabla hajaingia, akamwambia kila kitu pale pale amesimama: miguu, mfereji, mkate, saa za kusimama langoni, pete. Hakuficha hata kikohozi. Kaka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo ni mgonjwa, na wewe unampa mbwa amburure."

"Ni mgonjwa. Jumanne anaonwa na daktari, nimekwisha kuzungumza na kliniki, na yeye amekubali. Lakini kutembea anatembea."

"Na siku akianguka?"

"Ataanguka. Hata kwako ataanguka, Kaka, tena kwenye vigae. Tofauti ni kwamba kwako ataanguka akitoka kitini kwenda chooni."

Kaka aliweka mikono nyuma, tayari kwa hotuba. Mzee Breki alikuwa ametokea kibarazani, ameshika ukuta, amevaa kofia na viatu vya kutokea. Meneja alikuwa kando yake ndani ya ule mkanda wa buluu. Walifika mpaka kwenye lango, na kwenye lango, mbele ya watoto wake wawili, miguu iliganda. Visigino vikaanza kutetemeka. Kaka alinyoosha mkono, Kiraka akamshika shati kwa nyuma.

"Vuta," alisema Mzee Breki.

Meneja alitazama kwanza, kwa kuwa wiki nzima neno hilo lilikuwa limemwaibisha. Akainamisha kichwa. Akavuta kidogo, akangoja kugeuzwa, hakugeuzwa. Ndipo akaegemea mbele kwa mabega yote mawili, kamba ikakazika, mkono wa mzee ukanyooka, na mguu wa kulia ukaondoka ardhini. Wa kushoto ukafuata. Hakukohoa.

"Nitamfuata na gari," alisema kaka.

"Ukinifuata," alisema Mzee Breki bila kugeuka, maana kugeuka kungemgharimu, "nitakuwa nakutazama wewe badala ya njia. Kaa hapo."

Mwalimu mkuu akakaa. Alikaa juu ya boksi lake lililokunjwa, kwenye ukingo wa barabara, na suruali yake ya Jumamosi. Kiraka alikaa kwenye ngazi ya kibaraza, akaegemeza kichwa kwenye nguzo, akamwona baba yake akipita duka la dawa. Pale penye mfereji kofia ilisimama. Alihesabu moja, mbili, tatu. Kofia ikasonga, ikakata kona, ikapotea. Mtaa wote ulichukua dakika ishirini kuuzunguka kwa mwendo wake. Kwa dakika hizo ishirini hapakuwa na chungu jikoni, hapakuwa na nguo kwenye beseni, hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa anamwita.

Alipofumbua macho, kivuli cha nguzo kilikuwa kimemhama, jua likimpiga miguuni. Shingo ilimuuma. Baba yake alikuwa amesimama nje ya lango, anahema, jasho limelowesha ukosi wa shati, na Meneja ameketi ulimi nje. Kaka alikuwa bado juu ya boksi lake, viatu vimejaa vumbi, kidole chake kikiwa mdomoni kumnyamazisha mtu wa baiskeli aliyetaka kusalimia.

Kiraka alishtuka, akasimama nusu. "Mmekawia. Umeanguka?"

"Hajaanguka," alisema kaka kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya mstarini. "Amezunguka mara mbili. Mara ya kwanza alifika hapa, akakuona, akamwambia mbwa aendelee."

"Baba, kwa nini?"

"Ningesimama, Meneja angebweka," alisema Mzee Breki. "Na wewe ulikuwa umelala."

Kiraka alitaka kusema hakuwa amelala, alikuwa amefumba macho tu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yale yale ya kila siku, sijambo, sijachoka, nipo. Alimtazama baba yake, magoti yanamtetemeka kwa mwendo, mkono umejaa alama nyekundu za kamba.

"Nimechoka, Baba," alisema.

"Najua, mama." Mzee Breki aliikaza kofia, akaizungusha kamba mara moja kwenye kiganja. "Rudi ulale. Mimi naongeza mzunguko mmoja." Kisha akainama kidogo kwa mbwa, akasema neno lake polepole ili asimwondolee binti yake usingizi.